Laptopu ya mabosi yaenda chuo!

Wiki hii sina umbea, nina laptopu. Ni ThinkPad T480, toleo la 2018, imeshatumika ofisini kwa watu. Upya wake ni kwangu tu. Nimeinunua kwa pesa niliyojibana mwaka mzima ili nianze nayo chuo, kwa hiyo ikizingua sina nyingine.

Kwa sura haina mvuto: nyeusi tii, nene kidogo, na katikati ya vitufe kuna kadude kekundu ka kusogezea mshale. Washikaji wamecheka ile mbaya. Lakini vitufe vyenyewe, acha kabisa! Unaandika kurasa tano vidole havichoki.

Kilichonimaliza ni betri. Ziko mbili: moja ndani, nyingine ya kuchomoa. Ukiwa na ya akiba, unabadilisha bila kuzima mashine. Umeme ukatike, wewe unadunda tu. Memori nayo unafungua kwa bisibisi unaongeza.

Kasoro? Kioo kimefifia, juani huoni kitu.

Nawe ukienda kununua, chomoa chaja hapo hapo dukani, uikalie nusu saa uone betri inavyoshuka. Muuzaji akinuna, shauri yake!