UGOKO UKIUMA BAADA YA KICHURACHURA



Kichurachura unakijua. Mtu huchuchumaa, kisha huruka-ruka kama chura. Vijana wa mgambo hukifanya. Wanafunzi nao hukifanya baada ya mchakamchaka. Wengine hawaruki, bali huchuchumaa na kusimama mara nyingi. Mazoezi haya yakifanywa kwa kiasi, hutia nguvu mapaja na makalio.

Lakini yakizidi, baada ya siku chache mtu huanza kusema, "Ugoko unaniuma." Wenzake humcheka. Humwambia, "Jikaze, usiwe mvivu." Naye kwa kuona haya hujikaza. Hapo ndipo ubaya unapoanza.

Ugoko ni nini?

Ugoko, ambao wengine huuita muundi, ni sehemu ya mbele ya mguu kati ya goti na kifundo. Pitisha mkono wako hapo. Utagusa mfupa chini ya ngozi. Kando ya mfupa, kwa upande wa nje, uko msuli unaonyanyua wayo unapotembea. Nyuma yake liko shavu la mguu, ambalo huvuta kisigino.

Kwa nini unauma?

Unapochuchumaa, goti huenda mbele. Msuli wa mbele hufanya kazi ili usianguke kinyumenyume. Unaporuka na kutua, kishindo hupanda kutoka kwenye wayo hadi kwenye mfupa. Misuli nayo huuvuta mfupa huo kila mara.

Mfupa ni kitu hai. Ukipewa kazi mpya hujijenga ili uwe imara zaidi, lakini hujijenga polepole. Fikiri juu ya ukuta wa udongo. Ukiongeza tabaka jingine kabla tabaka la chini halijakauka, ukuta hupata ufa. Mfupa nao ni hivyo hivyo. Ukiupa kazi nzito kila siku bila kupumzika, huharibika upesi kuliko unavyojijenga.

Hatari ni kubwa zaidi kwa mtu aliyeanza mazoezi ghafla, anayeruka juu ya ardhi ngumu, au mwenye viatu vilivyolika soyo.

Pima kwa kidole

Kaa chini. Bonyeza ugoko kwa kidole, kidogo kidogo, kutoka juu hadi chini.

Kama maumivu yameenea sehemu ndefu, kiasi cha upana wa kiganja au zaidi, huenda ni misuli na utando wa mfupa vilivyochoka. Maumivu haya hupungua ukipumzika.

Kama maumivu yako mahali pamoja, pale tu unapoweka ncha ya kidole, jihadhari. Huenda mfupa umepata ufa mdogo. Mara nyingi ufa huo huuma hata usiku ukiwa umelala. Acha mazoezi, nenda zahanati au kituo cha afya. Picha ya eksirei ya siku za kwanza inaweza isionyeshe ufa. Basi maumivu yakiendelea, rudi tena. Ufa wa namna hii mara nyingi huhitaji majuma 6 hadi 8 ya kupumzika, na pengine zaidi. Ukijikaza na kuendelea kuruka, mfupa unaweza kuvunjika kabisa.

Ufanye nini nyumbani?

1. Acha kuruka, kukimbia na kuchuchumaa kwa mazoezi. Kutembea kwa kawaida si vibaya kama hakuumi.

2. Weka juu ya ugoko kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungini. Kiache kwa dakika 15. Fanya hivyo mara tatu kwa siku.

3. Ukilala, weka mguu juu ya mto au nguo zilizokunjwa.

4. Usikandwe kwa nguvu. Usichanjwe kwa wembe. Usifunge mguu kwa kamba au kitambaa cha kubana.

Usingoje kesho

Nenda hospitali mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Mguu umekaza kama ngoma, maumivu yanazidi ingawa umepumzika, na wayo una ganzi au haunyanyuki.
- Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea baada ya mazoezi makali. Hiyo ni dalili kwamba misuli imeharibika, na mafigo yako hatarini.
- Ugoko unauma pamoja na homa, hasa kwa mtoto. Huenda ni ugonjwa ndani ya mfupa.

Kurudi kwenye mazoezi

Rudi pale unapoweza kutembea na kubonyeza ugoko bila maumivu. Anza na kuchuchumaa nusu, bila kuruka. Tenga miguu kwa upana wa mabega. Visigino visiondoke chini. Magoti yaelekee upande wa vidole. Simama polepole. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Ongeza idadi kidogo kidogo kila juma. Maumivu yakirudi, punguza.

Nyosha pia shavu la mguu. Shika ukuta, peleka mguu mmoja nyuma, kisigino kikiwa chini. Hesabu hadi 30, kisha badilisha mguu. Rudia mara tatu.

Neno kwa wanaofundisha

Wewe unayesimamia mazoezi, chagua uwanja wenye nyasi au mchanga. Anza na idadi ndogo. Usitumie kichurachura kuwa adhabu, maana anayeadhibiwa huruka hata akiwa ameumia. Kijana akisema ugoko unauma, mpime kwa kidole kabla ya kumwita mvivu. Akivunjika mguu, hatalima, hatalinda kijiji, na nyumbani kwake watakosa mikono ya kazi.

Kujikaza ni jambo zuri. Lakini mfupa hauoni haya, wala hausikii amri. Unataka muda tu.

Maswali ya kujadili darasani

1. Maumivu yaliyoenea na maumivu ya mahali pamoja yana tofauti gani?
2. Kwa nini si vizuri kuongeza mazoezi ghafla?
3. Taja dalili tatu za kumpeleka mtu hospitali mara moja.
4. Katika kijiji chetu, nani hufanya kichurachura, na juu ya ardhi ya namna gani? Tunaweza kubadili nini?