Juu ya Nini Mutungi Wangu Ulipasuka



Wengi wenu mulicheka siku ile ya posho, muliposikia mulio nyuma ya jikoni, paa! kama bunduki. Ulikuwa mutungi wangu wa kwanza. Kazi ya siku nyingi ikageuka vipande ndani ya moto, na rafiki mumoja akaniambia mbele ya wote: "Kapita, waachie wamama kazi yao." Nikanyamaza, juu sikukuwa na jibu. Wakati wa vakansi nililitafuta kwa nkambo wangu, kijijini kando ya Lufira. Yeye alifinyanga tangu usichana wake, mpaka sufuria za aluminiumu na mabidoni ya plastiki vilipokuja kumaliza soko lake.

Hakunihurumia. Aliuliza tu: "Ulikausha siku ngapi?" Nikasema tatu, tena juani, juu nilikuwa na haraka.

"Basi, mujukulu, ulipika maji. Haukupika mutungi."

Njo ukweli wenyewe, hata katika somo la shimi. Udongo unaoonekana mukavu kwa nje unaweza kuwa ungali na maji ndani. Kwenye digri 100 maji yale yanageuka mvuke, mvuke unataka nafasi kubwa sana, na usipopata njia unapasua ukuta. Hata yale yakiisha, kuna maji mengine yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe. Hayo yanatoka kwenye digri 500 hivi na kupita. Yakisha kutoka, udongo hauwezi tena kurudi kuwa matope, hata ukiulaza ndani ya muto mwaka muzima. Kabla ya pale hauna mutungi, una matope yenye umbo.

Tena nkambo hafinyangi udongo mutupu. Anatwanga vigae vya mitungi ya zamani, anachekecha, kisha anachanganya kikombe kimoja cha unga ule na vikombe vitatu ao vine vya udongo. Vigae vilikwisha kuona moto, havijikunji tena, na vinaacha vinjia vidogo ambamo mvuke unapita. Hapa shuleni hatuna vigae, lakini vipande vya matofali ya kuchoma vimejaa nyuma ya darasa, na vinafanya kazi ile ile.

Udongo utoke wapi? Musichimbe ziwani. Hapa sichezi. Muto Panda unashusha maji machafu ya viwanda vya Likasi mpaka Lufira na ziwa letu la Tshangalele, na wachunguzi walikuta shaba na kobalti nyingi kupita kipimo ndani ya matope ya ziwa. Chombo cha kulia kisitoke mule. Afazali kichuguu kilicho mbali na maji yale. Udongo wa vichuguu vyetu virefu njo ule ule ambao watu wa Katanga wanachomea matofali. Uloweke usiku, toa mawe na mizizi, sokota kamba yenye unene wa kidole, uizungushe kwa kidole. Ikipasuka-pasuka, nenda kutafuta pengine.

Gurudumu hakuna. Lile la mufinyanzi ambaye Yeremia alitumwa kwake (sura ya 18) ni la watu wengine. Chini unaweka mukate wa udongo, juu yake kamba moja, ya pili, ya tatu, na kila moja unaibana kwa kidole ndani na nje, kisha unalainisha na kipande cha kibuyu. Mimi nilipandisha kamba zote kwa mara moja, ukuta ukainama kama mulevi. Nkambo anaacha katikati, anakwenda kupalilia mihogo yake, udongo unakaza, njo anarudi. Mwisho anasugua na jiwe la mutoni mpaka unang'aa. Kisha ni kivuli, majuma mawili, na mudomo umefunikwa na majani siku za kwanza, juu mudomo unakauka mbele ya tako.

Siku ya moto, kwanza ni moto mudogo wa kando, mpaka mutungi uwe wa kuchoma mukono. Halafu unaupindua, unaufunika na kuni na majani makavu, unawasha. Usiuguse mpaka asubuhi. Ukiugonga nao ukalia kama kengele, umeiva.

Sasa jibu kwa rafiki yangu. Hakudanganya: kwetu wafinyanzi walikuwa karibu wote wanawake. Lakini angalia kazi yenyewe. Lufira inashuka kujiunga na Lualaba huko kwenye maziwa ya Upemba. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachunguzi wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka wa 1957, na tena katika miaka ya 1970 pamoja na Mubeleji Pierre de Maret. Walikuta vyombo vilivyofinyangwa bila gurudumu, vingine vina umri wa miaka elfu moja hivi: mitungi midogo katika makaburi ya watoto, na hata mbabula za udongo! Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka wa 1950, alikuwa akisoma Uingereza, lakini mwaka wa 1974 alikwenda Nijeria kujifunza kwa wanawake kama Ladi Kwali. Leo mitungi yake iko British Museum, na sura ya Ladi Kwali iko kwenye noti ya naira 20. Na mimi nilikwenda kwa mwanamuke.

Chombo changu cha pili ni mbabula. Ina ufa kwenye mudomo na mguu mumoja ni mufupi, lakini ilipika bukari ya watu watatu. Siku ya posho inayokuja tutachimba udongo, kwa ruhusa ya mukubwa wa nidhamu. Atakayekuja alete ndoo na vipande vitano vya tofali la kuchoma. Viwe vimekauka.

Kapita wenu, darasa la mwisho