Mpira wa ngozi usikaushwe jikoni

Hapa Buleusa mvua haikosi. Mtoto akirudi na mpira wa ngozi uliolowa, mara nyingi tunauweka karibu na moto. Hapo ndipo tunauharibu. Joto hukausha mafuta ya ngozi. Inakakamaa na kupasuka, na mshono unaachia. Tupanguse matope kwa kitambaa chenye unyevu, kisha tuuache kivulini penye upepo, hata siku mbili.

Ukikauka, yeyusha mafuta ya ng'ombe pamoja na nta kidogo ya nyuki. Yakipoa, paka kidogo kwa kitambaa, zaidi kwenye mshono, maana maji hupenya hapo. Futa yanayobaki, mafuta mengi huongeza uzito.

Mpira mpya usijazwe upepo sana siku ya kwanza. Watoto wapasiane polepole kwenye nyasi mpaka ngozi ilainike, ndipo uongezwe.

Mpira wa wakubwa una gramu 410 hadi 450. Ngozi ikinywa maji, uzito unapita hapo, na mtoto akiupiga kwa kichwa anaumia. Mwaka 1974, Zaire ilipocheza Kombe la Dunia Ujerumani ya Magharibi, mpira wa ngozi ulikuwa umepakwa plastiki kuzuia maji.

Watoto wetu wanajua kujifungia mpira wa majani ya migomba. Ule wa ngozi ukipatikana, ni wa kijiji kizima. Basi mama, usiku wa leo uangalie umelala wapi.