Jinsi mwanga unavyotafutiwa njia na rangi ndani ya uzi wa kioo

MWANAFUNZI wa Chepkoilel, nje kidogo ya mji wa Eldoret, anapofungua tovuti ya ng'ambo, ombi lake husafiri hadi pwani na kuvuka bahari likiwa mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo.

Kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya ng'ambo. Mwaka huo nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikaanza kazi 2010. Chepkoilel, wakati huo bewa la Chuo Kikuu cha Moi, ilifanywa chuo kishiriki mwaka huo wa 2010, kisha ikawa Chuo Kikuu cha Eldoret mnamo 2013.

Uzi mmoja haubebi mwanga mmoja. Kila mkondo wa data hupewa rangi yake, mithili ya stesheni za redio zinavyogawana masafa. Rangi hizo, ambazo jicho haliwezi kuziona, huwa na urefu wa mawimbi wa baina ya nanomita 1530 na 1565. Humo hutoshea mikondo 80 hivi, na kila mmoja waweza kubeba gigabiti 100 kwa sekunde.

Ugumu huanzia kwenye njia panda. Mikondo miwili ya rangi moja haiwezi kupita pamoja katika uzi mmoja, na mwanga usiogeuzwa njiani hubaki na rangi ileile hadi mwisho. Ni kama abiria wa Eldoret anayetaka kiti nambari 5 hadi Mombasa bila kuhama. Kikiwa kimeuzwa kwa mwingine kuanzia Nairobi, safari imekwama, japo basi lina viti vitupu tele.

Rangi yaweza kubadilishwa kwa kuugeuza mwanga kuwa umeme, kisha kuuwasha upya kwa leza nyingine, ila mitambo hiyo ni ghali. Kwa hivyo wahandisi hutafuta njia na rangi kwa pamoja. Mbinu iliyozoeleka, na ambayo kwa urahisi wake ni vigumu kuishinda, ni kuzipa rangi nambari na kuchukua ya kwanza iliyo wazi safari nzima.

Hesabu hiyo huwa ya dharura uzi unapokatika. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na Mombasa. Mei 2024, EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini Kenya. Mikondo inayohamishwa wakati kama huo hulazimika kutafuta nafasi katika nyaya zilizosalia, ambazo tayari zina abiria wake.