Je, Wajua? Gazeti Moja, Wateja Wawili

Je, wajua kuwa nakala moja ya gazeti huuzwa mara mbili? Msomaji huinunua, na mwenye tangazo hulipia nafasi ndani yake. Nchini Marekani huyu wa pili ndiye aliyekuwa akilisha chumba cha habari: takriban dola bilioni 49 za matangazo mwaka 2005. Kufikia 2020 zilikuwa chini ya bilioni 10, na fedha za wasomaji zikazizidi kwa mara ya kwanza. Lawama zote hutupiwa Facebook, lakini aliyetoboa mfuko mapema ni mtandao wa Craigslist wa San Francisco, ulioanza 1995 na baadaye ukajaa matangazo madogo ya bure.

Je, wajua kuwa mwaka 2017 Waziri wa Habari wa Tanzania, Harrison Mwakyembe, aliagiza redio na televisheni zisome vichwa vya habari vya magazeti tu, ili watu wayanunue? Watangazaji walibanwa. Wanaorushiana gazeti zima kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya chai ya asubuhi, nani awabane?

Burundi ina kisa chake. Gazeti la serikali, Le Renouveau, lipo tangu 1978. Gazeti binafsi la Iwacu lilianza 2008. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi lililoshindwa, redio binafsi zilishambuliwa na kufungwa, na SOS Médias Burundi ikazaliwa moja kwa moja mitandaoni, bila karatasi wala mnara wa redio. Watu wakazoea kupata habari kwenye simu, bila kulipia nakala. Iwacu nalo lilikuwa na tovuti, ila Oktoba 2017 ikazuiwa ndani ya nchi. Mfanyabiashara wa Bujumbura angelipiaje tangazo ambalo jirani yake hakuweza kulifungua?

Hapa Minago gazeti la Bujumbura, mji mkuu wa biashara, hushuka kwa barabara ya kitaifa namba 3, likitegemea gari, na miaka hii mafuta yamekuwa adimu. Picha ya ukurasa haihitaji hata lita moja.

Mama anayeuza mukeke akiweka picha ya samaki wake WhatsApp, gazeti halijapoteza kitu, maana hakuwahi kuwa mteja wake. Pengo la matangazo linatoka kwa kampuni ya simu na benki, zenye kurasa zao za Facebook sasa, zinazotangaza promosheni bila kumpigia mhariri simu.