Paa la Bati Serengeti Lina Leseni Yake

Msichana akipiga simu usiku kutoka kitongoji cha Serengeti au Tarime, akiomba aokolewe asikeketwe, anayekwenda kumchukua lazima ajue kitongoji kiko wapi na njia ipi inapitika. Ukeketaji wa msichana chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu 1998, lakini sheria haimwonyeshi dereva barabara.

Pengo hilo ndilo lililoukutanisha mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza 2015, na Rhobi Samwelly, mwanaharakati mwenye nyumba salama Mugumu. Watu wa kujitolea huchora barabara na maboma kwenye ramani huria ya OpenStreetMap kwa kufuatisha picha za setilaiti. Kisha wenyeji, simu mkononi, huongeza kile ambacho setilaiti haikioni: jina la kitongoji, zahanati, shule. Ramani hupakuliwa, ikatumika hata pasipo na mtandao.

Mchoraji hubofya kona za paa la bati moja baada ya nyingine, na mwisho hutaja picha ilitoka wapi. Hilo la mwisho lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana. Mwaka 2010 Microsoft iliruhusu picha zake za Bing zitumike kuchora OpenStreetMap. Picha za Google haziruhusiwi, hata pale zinapokuwa safi zaidi. Kilichonakiliwa humo hufutwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo inalinda ramani.

Ukali huo una sababu, na kisa cha picha za kompyuta kinaionyesha. Umbizo la picha la GIF lilitoka 1987, watu wakalitumia kama kisima cha kijiji. Desemba 1994 watengenezaji wa programu wakaambiwa walipie: mbinu ya kubana picha hizo ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Umbizo huria la PNG lilizaliwa kutokana na mgogoro huo. Ramani ya kuokolea wasichana haifai kusubiri siku mwenye mali atakapojitokeza.

Tangu Septemba 2012 OpenStreetMap inatumia leseni ya ODbL: yeyote anaweza kuinakili ramani, hata kuiuza, mradi awataje waliochangia na aiache hifadhidata aliyoiboresha ikiwa huria. Leseni ilipobadilishwa, michango ya waliokataa iliondolewa.

Mwalimu au mtendaji wa kijiji Tarime anaweza kufungua akaunti bure leo na kuandika jina la kitongoji chake. Aandike anachokijua kwa kuishi hapo, asinakili ramani ya kampuni.