Sumu isiyoonekana ndani ya gunia la mahindi

LIKIZO ya Pasaka inapomalizika, mabasi yatokayo Kitui, Wote na Makindu huingia Nairobi yakiwa yamebeba zaidi ya abiria. Juu ya keria kuna magunia ya mahindi, ndengu na mbaazi. Moja huenda ni lako. Mama amekufungia mavuno ya shamba lake, nawe humlipi wala humwulizi yamekaushwa vipi. Chakula cha mama hakiulizwi maswali.

Leo tunakuomba uulize, tena kwa heshima zote. Mwaka wa 2004, katika wilaya hizo hizo za Kitui na Makueni, watu walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe na yale ya masoko ya jirani, wakafa. Hadi kufikia Julai 20 mwaka huo, wagonjwa 317 walikuwa wameripotiwa, na kati yao 125 walikuwa wamefariki. Karibu wanane katika kila wagonjwa kumi walitoka Makueni na Kitui. Kilichowaua ni aflatoksini, sumu itolewayo na kuvu inayoota katika nafaka.

Tangu wakati huo wataalamu wengi wameuchunguza mkasa huo: madaktari, wapimaji wa damu, wachunguzi wa kuvu na watu wa kilimo. Tuwafuate mmoja mmoja na maswali ambayo hata wewe ungetaka kuwauliza.

DAKTARI ALIONA NINI?

Mwanzoni mwa 2004, hospitali za Ukambani zilianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano. Walikuwa wachovu, hawana hamu ya chakula, wanatapika na kulalamika maumivu ya tumbo. Wengine tumbo na miguu vilivimba. Waliozidiwa walipoteza fahamu na kufariki. Wengi wao walikuwa watoto.

Macho ya manjano ni ishara kwamba ini limeshindwa na kazi yake. Jambo la kwanza daktari analolifikiria ni virusi, kama vile vya homa ya ini. Damu ilipimwa, na virusi havikuonekana kuwa chanzo. Ndipo macho yalipogeukia sufuria. Mahindi kutoka maeneo hayo yalipopimwa, baadhi yalikutwa na aflatoksini ya kiwango cha sehemu 4,400 katika kila sehemu bilioni moja. Kiwango cha juu kilichoruhusiwa Kenya wakati huo kilikuwa 20. Siku hizi kimeteremshwa hadi 10.

Madaktari wa Ukambani waliokuwa na umri mkubwa walikuwa na sababu ya kukumbuka. Mwaka wa 1981, katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, wagonjwa 20 walilazwa kwa ugonjwa wa namna hiyo na 12 wakafa. Mahindi ya familia mojawapo yalikuwa na sumu ya kiwango cha 12,000. Taarifa ya madaktari iliyochapishwa mwaka uliofuata ilieleza kwamba njiwa wengi na mbwa wa eneo hilo pia walikufa. Wanyama walitoa onyo, lakini hapakuwa na aliyeweza kulisoma.

Sumu hii haina dawa ya kuiondoa mwilini. Daktari humsaidia mgonjwa kwa kulinda ini lililobaki na kumwondolea chakula chenye sumu. Kwa hiyo, nyumbani kwako watu wawili au watatu wakiugua pamoja, macho yakiwa manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, usingoje. Kimbilia hospitali, na ubebe sampuli ya mahindi mliyokula.

DAMU ILISIMULIA NINI?

Ulikuwepo uwezekano kwamba sumu katika mahindi na ugonjwa wa watu vilikutana kwa bahati tu. Kulithibitisha jambo hilo, watafiti waliwalinganisha wagonjwa 40 na majirani 80 wasiougua, wakawatoa damu.

Unapokula aflatoksini, sehemu yake hugeuzwa na ini na kujishikiza kwenye albumini, ambayo ni protini iliyomo katika damu. Hukaa hapo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo tone la damu ni kama kitabu cha mwenye duka: linaonyesha ulichokula jana pamoja na ulichokuwa ukila mwezi uliopita. Damu ya wagonjwa ilikutwa na alama nyingi zaidi kuliko ya majirani zao.

Watafiti walipouliza jinsi nafaka ilivyotunzwa, jibu likaja wazi. Waliokuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba waliugua zaidi. Kumbuka jinsi mwaka huo ulivyokwenda. Ukame ulikuwa umepunguza mavuno, kisha mvua isiyo ya msimu ikanyesha wakati wa kuvuna. Mwenye chakula kidogo hakiachi uani kikanyeshewa. Hukiingiza ndani, akakimwaga sakafuni pa udongo karibu na kitanda chake. Kilichofanywa kwa nia ya kuokoa chakula ndicho kilichokitia sumu.

Usidhani aliyenunua sokoni alisalimika. Mei 2004 sampuli 350 za mahindi na unga zilichukuliwa kutoka masoko 65 ya eneo hilo. Zaidi ya nusu, yaani asilimia 55, zilipita kiwango cha 20, na asilimia 7 zilipita 1,000.

NI KUVU YA AINA GANI?

Kuvu yenyewe huitwa Aspergillus flavus. Sayansi iliifahamu sumu yake baada ya mwaka wa 1960, wakati zaidi ya batamzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula cha mifugo chenye karanga zilizoharibika. Kuvu hii huishi udongoni. Jua kali na ukame vinapoudhoofisha mmea, au wadudu wanapotoboa punje, huingia mahindi yakiwa yangali shambani. Unyevu wa ghalani huongeza tu kazi ambayo tayari imeanza.

Mwaka wa 2007, Claudia Probst, Henry Njapau na Peter Cotty walichapisha uchunguzi wa kuvu iliyotoka katika mahindi ya mkasa wa 2004. Waligundua kwamba wengi wa kuvu hao walikuwa wa aina moja inayotoa sumu kwa wingi kuliko ndugu zake. Jambo hilo lilisaidia kueleza kwa nini eneo hilo lilipata pigo kubwa hivyo.

Lakini katika familia hiyo hiyo ya kuvu wamo ndugu wasio na sumu kabisa. Hapo ndipo wataalamu walipopata silaha, kama utakavyoona baadaye.

JE, MOTO HAUIUI?

Hapana. Kuvu hufa motoni lakini sumu yake hubaki. Aflatoksini haina harufu wala ladha, na joto la sufuria ya ugali au githeri halitoshi kuivunja. Tena punje inaweza kuonekana safi na kumbe imo sumu. Kutoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa hupunguza hatari, lakini hakuimalizi.

Hata hivyo wazee wa Ukambani walituachia jambo la kushika. Muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, umechunguzwa na watafiti wa Kenya. Katika utafiti uliochapishwa 2008 walikuta kwamba kukoboa peke yake kulipunguza sumu kwa karibu nusu, kwa sababu nyingi imo katika ganda na kiini. Kuchemsha muthokoi kwa magadi kulipunguza zaidi. Lakini fanya hesabu: nusu ya 4,400 bado ni 2,200. Kukoboa ni msaada kwa mahindi mazuri, si tiba ya mahindi mabaya.

NA KIDOGO KIDOGO JE?

Hili ndilo swali linalokuhusu zaidi wewe wa mjini. Ni wachache wanaokula sumu ya kuua kwa wiki moja. Wengi hula kidogo kila siku, kwa miaka, bila kuugua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kumletea binadamu saratani. Kenya ina historia ndefu katika uchunguzi huu, kwani mwaka wa 1973 Peers na Linsell walichapisha utafiti uliofanywa Murang'a, ulioonyesha kwamba saratani ya ini ilifuatana na kiasi cha aflatoksini katika chakula.

Ndani ya ini, sumu hiyo hugeuzwa kuwa kitu kinachoshika chembe za urithi na kuziharibu. Mojawapo ya zile zinazoharibiwa ni jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzizuia seli zisizaane ovyo. Mlinzi akishapofushwa, mwizi huingia.

Hatari huzidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Uchunguzi uliofanywa Shanghai, Uchina, mapema miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mwenye vyote viwili, virusi na aflatoksini, alikuwa katika hatari ya saratani ya ini karibu mara 60 kuliko asiye na chochote. Kila kimoja peke yake hakikukaribia hapo. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo mwaka wa 2001. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuchanjwa. Mwulize daktari wako akupime, na ukiwa huna virusi, akuchanje.

DAWA INAYOANZIA SHAMBANI

Sasa turudi kwa wale ndugu wasio na sumu. Wazo ni kuwamwaga kwa wingi shambani mapema, washike nafasi, ili ndugu zao wenye sumu wakose pa kukaa. Peter Cotty alilitumia kwanza katika mashamba ya pamba ya Arizona, Marekani. Kwa Kenya, wanasayansi walichagua kuvu wanne wa humu humu nchini wasiotoa sumu, na dawa hiyo, Aflasafe KE01, ikasajiliwa mwaka wa 2015. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Dkt Charity Mutegi, mwanasayansi Mkenya aliyetunukiwa Tuzo ya Norman Borlaug mwaka wa 2013 kwa juhudi zake dhidi ya aflatoksini. Shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, lina kiwanda cha kuitengeneza huko Katumani, Machakos.

Dawa yenyewe ni punje za mtama zilizouawa zisiote, zikapakwa mbegu za kuvu hao. Mkulima hunyunyiza kilo nne kwa ekari kwa mkono, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajachanua, udongo ukiwa na unyevu. Majaribio yameonyesha sumu ikipungua kwa asilimia 80 na zaidi. Lakini dawa hii haimwondolei mkulima kazi ya kukausha.

UFANYE NINI BASI?

Kwanza, zungumza na walioko nyumbani. Mwulize mama mahindi yalianikwa juu ya nini. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasiguse udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Ukienda kumtembelea, mpelekee turubai badala ya mkate na sukari pekee.

Pili, mfundishe kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi; yarudishwe juani. Kipimo hiki huonyesha unyevu tu, hakionyeshi sumu.

Tatu, yakishakauka yahifadhiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, juu ya mbao na mbali na ukuta. Bila hewa, fukusi hufa na kuvu haikui. Lakini ukifungia humo mahindi mabichi umejidanganya.

Nne, mahindi yaliyoota kuvu usimpe ng'ombe, kwa maana sumu hupitia katika maziwa na kurudi mezani kwako. Usiwape kuku wala mbwa, wala usitengenezee pombe. Yazike.

Tano, usiamini kwamba pakiti ya dukani ni kinga kamili. Novemba 2019 shirika la kukagua ubora wa bidhaa, KEBS, lilisimamisha unga wa aina tano madukani kwa sababu ya aflatoksini. Nunua unga wenye alama ya ubora, ufuatilie matangazo ya KEBS, wala usile mahindi pekee kila siku. Wimbi, mtama, viazi na ndizi vipo. Anayebadilisha chakula hupunguza kiasi cha sumu kinachoingia mwilini.

Mkulima wa Kitui au Makueni aliyepata magunia matatu baada ya misimu miwili ya njaa, ukimwambia azike moja, unamwambia azike chakula cha watoto wake. Ndiyo maana ushauri bila turubai, bila mifuko na bila dawa ya shambani kwa bei anayoimudu, ni maneno matupu. Wewe uliye na mshahara mjini unaweza kuwa sehemu ya jibu kabla ya mavuno yajayo. Gharama ya turubai moja ni ndogo kuliko ya kitanda cha hospitali, na kinga ni bora kuliko tiba, hasa pale ambapo tiba haipo.